Maji Safi Kupita Kiasi

Baba yangu alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja. Alikwenda mtaa kwa mtaa na ndoano yake ya kufunulia vifuniko, tochi mfukoni, daftari kwapani, akipiga magoti mbele ya visanduku vya chuma ambavyo mijusi walikuwa wameshahamia na familia zao. Mbwa walimng'ata mara mbili. Waliomdanganya kwamba mwenye nyumba hayupo, hao hawana idadi. Alipostaafu, hakuna jirani aliyekumbuka jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Bwana Mita, na mama akitaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo.

Mtu akikaa na maji miaka yote hiyo huanza kujiona ndugu yake. Baba hakunywa bilauri ya maji kabla hajaielekeza kwenye mwanga na kuitazama kwa jicho moja. "Maji nayajua mimi," alikuwa akisema mezani, na sisi watoto tuliitikia "Ndiyo, baba," ili tuendelee kula.

Mama ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo karakana yake. Pembeni ya cherehani kulikuwa na tangi la kioo la samaki, refu kama meza ya watu wanne, alilopewa na mteja aliyehama miaka kumi na miwili nyuma. Ndani mlikuwa na samaki saba wekundu kwa weupe. Mkubwa wao tulimwita Bibi Harusi, kwa sababu mkia wake ulimfuata nyuma kama shela. Mama akishona, pampu ya tangi ilinguruma chini chini, na wateja waliokuja kupimwa nguo walisahau walichojia, wakabaki wameinamia kioo.

Utaratibu wa mama ulikuwa rahisi. Ndoo mbili za maji ya bomba aliziacha wazi dirishani siku mbili, ile dawa ya maji ipotee yenyewe. Kila Jumapili alitoa theluthi moja ya maji ya tangi na kuongeza hayo ya ndoo. Sponji ya kichujio aliikamua ndani ya maji machafu aliyoyatoa, wala hakuiosha bombani hata siku moja. Baba aliuita uganga.

"Sasa unaosha kitu kwenye uchafu, kinatakata vipi?"

"Sijui," mama alijibu, bila kuinua macho. "Ila wanaishi."

Baada ya kustaafu, baba alikuwa nyumbani kutwa. Mwezi wa kwanza alikaza bawaba za milango yote. Wa pili alipanga upya makopo ya vifungo ya mama kwa ukubwa badala ya rangi, mama akakaa siku nzima akitafuta vifungo vya sare za shule. "Mume wangu," alimwambia, "tafadhali toka hata ukasome mita ya jirani."

Wenzake kazini walikuwa wamemuaga kwa zawadi: mashine ya kusafisha maji ya nyumbani, ya kufunga chini ya sinki, yenye vichujio vitatu na mirija ya rangi rangi. Boksi lilikaa chini ya kitanda miezi kadhaa, kwa sababu mama alisema maji ya kuchemsha yametulea sote na hakuna aliyekufa. Baba alilala juu ya lile boksi kama mtu aliyelalia neno asilopewa nafasi ya kulisema.

Kisha nikajifungua mimi. Mtoto wa kwanza, mshono unauma, usingizi hakuna. Ninaishi mji mwingine, safari ya saa tano. Nikampigia mama, akaniambia anakuja, atakaa mwezi. Kabla ya kuondoka alipanda ghorofa ya juu kwa Mama Redio, akampa ufunguo wa nyumba yetu na kikopo cha chakula cha samaki.

Mama Redio hakuwa na mtoto aitwaye Redio. Watu walisema tu kwamba redio yake ndiyo mwanawe wa kwanza, kwani aliinunua kabla ya kuolewa na hakuwahi kuizima. Alikuwa amepiga chapa ofisini maisha yake yote, na alijisifia jambo moja tu: barua zake hazikuwahi kurudishwa kwa kosa. Yeye na mama walikuwa kama chanda na pete. Baba alimwita shemeji, naye alimwita baba hivyo hivyo.

"Punje za kujaza ncha ya kidole," mama alimwelekeza. "Asubuhi tu."

"Na huyu mumeo?"

"Huyu atawapima kwa rula. Lisha wewe."

Baba alikuwepo, akacheka. Lakini aliniambia baadaye kwamba lile neno lilimkaa. Miaka thelathini na moja ya maji, na bado haaminiwi kulisha samaki wa sebuleni kwake.

Wiki ya pili ya safari ya mama, baba alilivuta lile boksi. Kwenye ukingo wa kioo cha tangi kulikuwa na ukoko mweupe, chumvi ya maji ya bomba, na alikuwa ameamua kwamba mama akirudi atawakuta samaki wake kwenye maji ambayo hawajawahi kuyaota. Aliita fundi wa kampuni iliyouza mashine. Akaja mwanamke kijana, kitambaa kichwani, akaingia chini ya sinki miguu ikabaki nje.

Baba alimsimamia, huku akipokea maelezo kwa kichwa kama mkaguzi. Kichujio cha kwanza kinakamata kutu na mchanga. Cha pili ni mkaa, unaondoa ile dawa na harufu. Cha tatu ni utando mwembamba unaozuia hata chumvi. "Yakitoka hapa ni matupu kabisa," fundi alisema. "Mtakunywa watu wangapi?"

"Si ya kunywa. Ya samaki."

Fundi akajitoa chini ya sinki, akakaa sakafuni. Aliomba kuonyeshwa tangi. Alilitazama kwa muda, akauliza samaki wana umri gani na maji hubadilishwa vipi.

"Mzee wangu," alisema, "haya usiwamwagie kwa pamoja. Wameshazoea maji mazito, yenye chumvi zake. Wachanganyie robo kwa wiki, isizidi. Na kuna pakiti ya madini humo kwenye boksi, uweke kwenye maji kwanza. Na hiyo sponji, nakuomba, usiiguse."

"Binti yangu, mimi maji nayajua tangu hujazaliwa."

"Sibishi, mzee." Akachukua kalamu nene, akaandika kwenye kifuniko cha boksi kwa herufi kubwa: ROBO KWA WIKI. Akakusanya spana zake, akasema atarudi baada ya miezi sita kubadilisha vichujio, akaenda.

Baba alihesabu kwa vidole. Robo kwa wiki ilikuwa na maana kwamba mama angerudi akute kazi iko nusu. Ile pakiti ya madini aliiona ni ujanja wa wauzaji: unaondoaje chumvi kwenye maji halafu unairudisha? Kesho yake asubuhi aliwatoa samaki kwa wavu, akawaweka kwenye beseni. Alimwaga maji yote ya tangi. Akaosha kioo kikang'aa, akaosha mawe, akaosha na ile sponji kwa sabuni ya vyombo mpaka ikawa nyeupe kama mpya. Siku nzima mashine ilidondosha maji yake kidogo kidogo, naye akabeba ndoo kutoka jikoni hadi sebuleni.

Mama Redio alishuka kulisha akamkuta kwenye shughuli hiyo, suruali imekunjwa magotini.

"Shemeji, dada anajua?"

"Ni zawadi yake. Usimwambie."

Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. "Haya. Mimi sijaona kitu."

Jioni tangi lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa meupe hivi kwamba samaki walionekana wananing'inia hewani. Baba aliwapiga picha. Picha hiyo ninayo hadi leo kwenye simu, na inanishangaza jinsi ilivyo nzuri.

Kesho yake walipanda juu, midomo nje ya maji, wakihema. Baba akadhani wamefurahi. Siku ya pili wawili walilala ubavu. Siku ya tatu alianza kuongeza maji ya bomba, akachomeka pampu upya, akaitafuta ile pakiti ya madini, akaimimina yote kwa mkupuo. Bibi Harusi alikuwa wa mwisho. Siku ya tano asubuhi, Mama Redio alipofungua mlango na kikopo chake mkononi, baba alikuwa amekaa mbele ya tangi na wavu mapajani, na ndani hakuna kinachotembea.

Mama Redio akasogea hadi kwenye kioo. Halafu akauliza, "Si yale maji, shemeji?"

Baba angeweza kusema lolote. Alisema, "Maji? Yale ni safi kuliko ya hospitali."

"Basi ni nini?"

 Baba alikitazama kile kikopo cha chakula mkononi mwake.  Mama Redio naye akakiangalia.

Mchana mama alipiga simu. Nilikuwa nimelala pembeni yake, mtoto kifuani, simu imewekwa sauti kubwa ili baba asikie mjukuu akilia. Mama akauliza kama kawaida yake, "Na samaki wangu, hawajambo?"

Baba alijibu:

"Mama, samaki wamekufa."

"Wangapi?"

"Wote. Sijui… nadhani shemeji aliwazidishia chakula. Unajua macho yake siku hizi."

Hilo ndilo neno lenyewe. Nililisikia kwa masikio yangu, na sikulitilia shaka. Nilimsikitikia mama, nikamsikitikia na Mama Redio, nikasema uzee ni kazi. Mama alikata simu, akakunja nepi zote zilizokuwa kwenye kapu, moja moja, akazipanga, kisha akazikunjua, akazikunja tena.

Aliporudi nyumbani hakuja na ugomvi. Mama si mtu wa ugomvi. Aliiona mashine chini ya sinki, baba akamwambia ameifunga ili tunywe maji mazuri. "Tangi uliligusa?" "Nilipunguza maji kidogo tu, kama ufanyavyo wewe." Akaridhika. Alipanda juu kumsalimia rafiki yake, akamkuta anamsubiri mlangoni, macho yamevimba.

"Dada, nilijaza ncha ya kidole tu. Nakuapia."

"Najua. Ni samaki tu, usijali."

"Au nilishuka mara mbili? Pengine asubuhi nilishuka, nikasahau, nikashuka tena?"

Mama alimshika mikono, akamwambia yaishe. Lakini kabla hajaondoka aliuomba ule ufunguo, kwa sababu kitasa, alisema, kinataka kubadilishwa. Kitasa hakikubadilishwa. Na Mama Redio, aliyepiga chapa miaka yote bila barua kurudishwa, alielewa.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Alianza kurudi nyumbani kutoka sokoni kuangalia kama amezima jiko la gesi. Baadaye akawa anarudi mara mbili. Aliandika kwenye karatasi kila kidonge alichokunywa na saa yake, halafu akatilia shaka karatasi. Watu wa jengo walimkuta kwenye ngazi, katikati, hapandi wala hashuki, anajaribu kukumbuka kama amefunga mlango. Siku moja alimwambia mwanawe, mwalimu wa hesabu anayeishi upande wa pili wa mji, kwamba kichwa chake hakimwambii ukweli tena, kwamba ameshaua samaki saba wa watu. Mwana naye alifanya ambalo mwana mwema hulifanya. Alikuja Jumamosi na gari la kukodi akamchukua mama yake.

Baba alisaidia kubeba. Alibeba magodoro, alibeba sufuria, na mwisho alibeba ile redio, ikiwa imezimwa, ghorofa nne hadi chini. Aliniambia kwamba kila ngazi aliyoshuka alisema moyoni, nikifika chini nasema. Alifika chini. Mama Redio akamshukuru, akamwambia, "Shemeji, umekuwa mtu mwema kwangu, na mimi nilivyokufanyia." Gari likaondoka.

Nilimuuliza miezi kadhaa baadaye kwa nini hakusema hata hapo. Alijibu kama mtoto: "Niliogopa mama yako aseme sijui maji." Nilianza kucheka, nikaacha.

Miezi sita ilipotimia, fundi alirudi kubadilisha vichujio, kama alivyoahidi. Baba alikuwa amesahau siku. Mama ndiye aliyemfungulia. Yule binti akapita sebuleni na boksi lake la vifaa, akaona tangi tupu, mama akiwa ameweka ndani yake mikunjo ya vitambaa.

"Pole, mama," akasema. "Samaki walihamishwa?"

"Walikufa. Jirani aliwazidishia chakula."

Fundi aligeuka. Alimwona baba amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Mzee," alimuuliza kwa upole, "ile robo kwa wiki ilifuatwa?"

"Robo gani?" mama akauliza.

Binti alitaka kunyamaza, lakini mama alizima pasi, akavuta kiti, akamwomba akae. Basi akaeleza yote, kwa heshima, macho yake yakiwa sakafuni. Kwamba samaki aliyezoea maji yenye chumvi ukimtia ghafla kwenye maji matupu mwili wake unashindwa. Kwamba ule utelezi wa kwenye sponji si uchafu, ni vijidudu vinavyokula sumu ya kinyesi cha samaki, na ukiuosha umewaacha hawana mlinzi. Kwamba aliyaandika hata kwenye boksi. Mama alikwenda chumbani, akalivuta boksi chini ya kitanda. Kifuniko kilikuwa kimegeuzwa, maandishi yametazama ukutani. Akayasoma.

Fundi alipomaliza kazi na kuondoka, baba alianza kusema. Mama alimwinulia kiganja.

"Ulimwaga yote?"

"Yote."

"Na sponji?"

"Niliiosha."

"Na mtu wangu akaenda kuishi kwa mkwe kwa sababu hiyo." Hakupaza sauti. "Vaa viatu."

Walimkuta Mama Redio nyumbani kwa mwanawe, kwenye chumba kidogo cha uani, dirisha linatazama ukuta. Redio ilikuwa juu ya kabati, sauti imepunguzwa hadi kuwa mnong'ono, kwa kuwa wajukuu walikuwa na mitihani. Alifurahi kuwaona, akataka kuinuka kutengeneza chai, mkwewe akawahi: "Kaa, mama, nitawasha mimi." Alikaa.

Baba alisema akiwa amesimama. Alisema kila kitu, hadi ile sabuni ya vyombo. Alipomaliza, Mama Redio alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Nilikuuliza, shemeji," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kabisa. Si yale maji, nikasema. Kumbe kichwa changu kilikuwa kizima."

Mama alikuwa analia. Alijaribu kumwomba radhi kwa ajili ya ufunguo, lakini Mama Redio alikuwa bado anamtazama baba. "Subiri mwanangu arudi," alimwambia. "Useme tena mbele yake, kama ulivyosema."

Wakasubiri saa mbili kwenye kile chumba. Mwalimu aliporudi, baba alisema tena. Yule mwana alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, kisha akasema nyumba ya juu ilishapata mpangaji mwingine, na kwamba hata hivyo mama yake sasa yuko salama zaidi huku, umri nao umekwenda. "Juzi tu miwani ilimpotea, tukaikuta kichwani kwake," alisema, akitabasamu.

"Unaona?" Mama Redio akamgeukia baba. "Kila mtu anasahau miwani. Mimi nikisahau, wanatazamana."

Ile mashine bado iko chini ya sinki. Inafanya kazi vizuri. Mama hunywa maji ya kuchemsha. Tangi alimpa fundi yule yule, aliyesema ana mdogo wake anayependa samaki. Kila Alhamisi mama huchukua kazi yake ya mkono, vifungo na mapindo, na kwenda kukaa na rafiki yake hadi jioni. Mwaka wa kwanza hakumwambia baba twende, na baba hakuomba.

Mwaka jana nyumba ya chini kwenye jengo letu ilibaki tupu, ile ya mlango wa mbele, isiyo na ngazi. Baba hakumwambia mtu. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye jengo, akaomba aishikilie wiki moja, akavuka mji hadi kwa Mama Redio, akamwambia kwamba itapakwa rangi, kwamba yeye mwenyewe atabeba kila kitu, kwamba jiko linatazama uwanja na jua linaingia asubuhi.

Alimsikiliza vizuri, baba anasema. Aliuliza hata upana wa dirisha.

"Nimeshazoea huku, shemeji," alimjibu mwishoni. "Nikirudi pale, nitakuwa naangalia jiko mara tatu vile vile. Mpe mtu mwingine."

Baba alirudi kwa miguu nusu ya njia. Nilikuwa nimekuja na mwanangu kuwatembelea siku hiyo, nikamwona anavyoingia, anavyovua kofia na kukosa mahali pa kuitundika. Mama alikuwa kwenye cherehani. Baba alimwambia alikokuwa na alichojibiwa. Mama hakusimamisha gurudumu.

"Alisema nini tena?"

"Alisema nikusalimie."

"Alhamisi nitamwitikia," mama akasema, akageuza kitambaa upande wa pili.